Taka Zetu Zinakwenda Wapi, Baba?

Mtoto anayekulia ghorofani Kariakoo huona vitu vikiingia tu. Maji yanatoka bombani, mchicha unatoka sokoni, nguo zinatoka kwenye marobota ya mitumba, na kule chini tangu alfajiri vijana wanasukuma mikokoteni ya maboksi yaliyoshushwa kwenye makontena. Kilichokwisha kutumika hutiwa mfukoni, kikashushwa ngazi, na habari yake ikaishia hapo. Binti yangu wa miaka sita aliponiuliza swali nililoliweka juu ya makala haya, nilijua pa kuanzia. Tangu siku hiyo yeye na mdogo wake, anayekaribia miaka miwili, sijawahubiria hata mara moja kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Tunafuata vitu tu: hiki kimetoka wapi, na tukishakitumia kinakwenda wapi.

Ninayoyaeleza ni ya mzazi mwenye vyumba viwili, roshani nyembamba na ruhusa ya mwenye nyumba ya kutumia paa. Asiye na paa bado ataweza mengi.

Nianze na nepi, maana ndipo wazazi wengi wa rika langu wanapokata tamaa. Pampasi moja ina plastiki, ina nyuzi za mbao, na ina chembechembe za kemikali za kunyonya mkojo. Mtoto huivaa saa chache, kisha ikakaa ardhini miaka na miaka bila kuoza. Mama zetu walitulea kwa vitambaa, na vitambaa bado vipo. Ingia maduka ya vitambaa, uliza pamba nyeupe laini au kitambaa cha taulo, kata vipande vya mraba vyenye upande wa sentimita 60 hadi 70, mpelekee fundi cherehani apinde kingo. Tafuta na kanga kuukuu. Kanga iliyofuliwa miaka mingi inamfaa mtoto kuliko pamba mpya, na hukauka upesi. Kunja pembetatu, funga kwa pini kubwa ya nepi, halafu mvalishe kichupi cha nailoni juu yake.

Kuhusu kufua: kinyesi kinakung'utwa chooni kwanza, kisha nepi inaloweshwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Mfuniko huo ni wa lazima, tena ndoo ikae juu, mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji kidogo sana. Fua kwa sabuni ya mche, suuza mpaka povu liishe kabisa, maana sabuni inayobaki ndiyo inayomletea mtoto vipele. Anika kwenye jua kali. Jua la Dar es Salaam linatoa madoa na harufu bila dawa yoyote.

Ninayeanika ni mimi. Jirani mmoja wa kike alinikuta juu ya paa akaniambia, "Jirani, lete nikumalizie." Nilimshukuru nikaendelea. Hili nalisema wazi kwa akina baba wenzangu: ukitangaza nyumbani kwamba familia sasa itaishi kwa kujali mazingira, halafu kufua nepi, kuchambua taka na kuloweka maharage yote yakamwangukia mkeo au dada wa kazi, umeongeza mzigo wa mtu mwingine na kuuita wema wako. Chukua kazi iliyo chafu zaidi. Ukishaizoea ndipo utakuwa na neno la kusema kuhusu nyingine.

Masika nepi hazikauki. Kuanzia Machi hadi Mei sisi hutumia pampasi usiku na safarini, na mchana vitambaa. Iliyotumika inakunjwa, inafungwa, inasubiri gari la taka. Mtaroni haiendi kamwe, na sababu yake nitaifikia. Mtoto akianza kukaa vizuri mwenyewe, mweke kwenye poti kila anapoamka na kila baada ya kula, bila kumlazimisha. Kadiri atakavyozoea poti mapema, ndivyo mzigo wako wa kufua utakavyopungua.

Sokoni tunakwenda watatu. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 1 Juni 2019, watu wengi walihamia kwenye mifuko mbadala, ile laini inayofanana na kitambaa. Ukweli ni kwamba nayo imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki, na ikichakaa inakwenda kulekule. Sisi tunabeba kapu la ukili. Wauzaji bado wapo, na kapu zuri linadumu miaka. Bakuli mbili zenye vifuniko zinakuwa ndani, moja ya nyama na moja ya samaki. Mwambie muuza nyama apime kwanza bakuli tupu, mbele yako, kisha atie nyama, ili pasiwe na maneno ya mizani. Binti ana kikapu chake kidogo, na kazi yake ni ndimu, tangawizi na pilipili hoho. Mtoto akipewa jukumu la kweli halii sokoni.

Kazi yake nyingine ni kuuliza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Nyanya hizi zimetoka wapi?"

"Ilula, Iringa huko. Zimekesha njiani kwenye Fuso."

Nyumbani tuna ramani ya Tanzania ukutani, naye huweka alama kwa penseli. Karoti Lushoto, viazi Njombe, machungwa Muheza, nanasi Kiwangwa. Kwa muda mfupi alijua mwenyewe kwamba embe zinajaa kuanzia Novemba na kwamba matufaha yanayong'aa mezani mwaka mzima yamesafiri kutoka Afrika Kusini. Sikumkataza matufaha. Aliyaacha embe zilipoingia, kwa sababu embe ni tamu na ni nyingi. Tunapopita karibu na Soko Kuu humwonyesha paa la zege lenye umbo la miavuli iliyogeuzwa, kazi ya msanifu Beda Amuli, soko lililofunguliwa 1975 na kuungua tarehe 10 Julai 2021. Nataka ajue kwamba chakula cha jiji la watu zaidi ya milioni tano, kwa sensa ya 2022, kina nyumba yake, na kwamba nyumba hiyo ilisanifiwa na Mtanzania.

Sasa maganda, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ukichambua taka za nyumba ya kawaida ya Dar utakuta nyingi ni maganda ya ndizi na viazi, majani ya mboga, makaka ya mayai na machicha ya nazi. Hivi vyote vinaweza kubaki kwako. Tafuta ndoo mbili za lita 20, zile za rangi zinafaa zikioshwa vizuri. Pasha msumari moto, toboa matundu chini na ubavuni. Weka kila ndoo juu ya sinia la kukinga maji. Chini tandika boksi lililochanwachanwa. Kariakoo hatukosi maboksi, ila chagua yale ya kahawia yasiyong'aa, na uondoe utepe wa nailoni wenye gundi. Kuchana maboksi ni kazi ya watoto, hata huyu mdogo anaiweza, na inawaweka nusu saa bila katuni.

Halafu kila siku: maganda yaliyokatwakatwa, juu yake boksi maradufu ya maganda, juu kabisa konzi ya udongo. Nyama, samaki, wali na mafuta visiingie, vinaita panya. Machicha ya nazi yatie kidogokidogo, yakijaa yanachacha. Kila wiki geuza kwa kijiti. Chukua konzi moja ukamue: likitoka tone moja mawili, pamekaa sawa, maji yakichuruzika, ongeza boksi, likiwa kavu kama vumbi, nyunyiza maji. Harufu mbaya maana yake ni unyevu kuzidi, na dawa yake ni boksi kavu hiyohiyo. Nzi wakianza, umeacha maganda wazi. Yafunike, kisha funga juu ya ndoo kipande cha chandarua kikuukuu. Ndoo ya kwanza ikijaa iache ipumzike, jaza ya pili. Kwa joto letu, miezi miwili mitatu inatosha kupata mboji nyeusi inayonukia udongo wa baada ya mvua.

Kwenye mboji hiyo panda matembele kwanza, usianze na nyanya. Matembele uliyonunua sokoni, chuma majani ya kupika, bakiza mashina yenye vifundo, yachomeke kwenye udongo, mwagilia. Siku chache tu mtoto anaona chipukizi. Kwa mtoto wa miaka sita subira ya wiki ni ndefu, kwa hiyo mpe mmea usiomchelewesha. Mchicha na vitunguu vya majani vifuate. Hizi ndoo za mboga haziwezi kulisha nyumba, wala sikudai hivyo. Ila binti yangu aliyekuwa akisukuma mboga pembeni ya sahani sasa anakula matembele, kwa sababu ni yake.

Tahadhari moja ya paa na roshani: maji yaliyotuama. Mbu wa dengi huuma mchana na hutaga kwenye maji safi kidogo tu, kwenye kifuniko, kopo, tairi au sinia la chungu cha maua. Dar tulipata milipuko ya dengi 2014 na 2019. Kila Jumamosi watoto wangu huzunguka paa na kumwaga kila kilichoshika maji, pamoja na yale masinia ya chini ya ndoo. Anayehifadhi maji kwa sababu ya mgawo afunike mapipa yake vizuri.

Chupa za plastiki tunazikusanya kwenye salfeti, na kijana anayepita na guta huzichukua. Binti ndiye humkabidhi, na humsalimia kwa heshima. Nimemwambia kwamba huyu kaka anafanya kazi ambayo jiji zima lingepaswa kumshukuru.

Jikoni sina mengi. Tunapikia gesi, na maharage tunayaloweka usiku kucha. Yakichemka kwa nguvu kama nusu saa, tunaepua sufuria, tunalifunga kwenye blanketi kuukuu ndani ya kapu kubwa, yanaendelea kuiva yenyewe. Kabla ya kula tunayachemsha tena. Mtungi unakaa muda mrefu zaidi kwa hilo tu. Mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mimi nauangalia kwa macho ya baba: moshi wa mkaa kwenye chumba kimoja unaingia kwanza kwenye kifua cha yule mdogo anayelala karibu na jiko.

Nilisema nitaifikia sababu ya mtaro. Binti alipoendelea kuuliza taka zinakwenda wapi, nilimjibu kwa miguu. Kwanza tulipanda mwendokasi kuelekea Magomeni, nikamwonyesha bonde la Jangwani. Hapo mto Msimbazi unapita, na hapo maji hufurika mpaka mabasi yanasitishwa. Desemba 2011 mafuriko ya Dar yaliua watu zaidi ya 40. Mfuko, chupa, pampasi, kila kilichotupwa mtaroni Kariakoo kinashuka bondeni, kinaziba njia ya maji, na kilichobaki kinaingia baharini kwenye Daraja la Salenda. Tulikwenda na Salenda. Maji yakiwa yamekupwa, mikoko pale inashikilia plastiki kwenye mizizi yake, na mtoto hahitaji maelezo zaidi.

Kisha, siku ya likizo, tukaenda Pugu. Hii ndiyo safari ninayomshauri kila mzazi wa Kariakoo, maana mambo yote yanakutana huko. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivyo. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, mabaki ya msitu wa kale wa pwani, uko hapo, na kwa miaka mingi ulikatwa ili sisi wa mjini tupate mkaa. Dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako magari ya taka yanamwaga, liko upande huohuo wa jiji. Daladala za Gongo la Mboto zitakuvusha kipande kikubwa, halafu utaunganisha ya kuelekea Kisarawe. Ondokeni mapema, bebeni maji kwenye chupa za kurudi nazo, viatu vya kufunika vidole, na kanga ya kumbebea mdogo mgongoni, kwani gari la kusukuma halifai njia za msituni. Msitu unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na kuna kiingilio. Ulizia mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini yenye popo. Watoto watayasimulia mwezi mzima. Dampo usiwapeleke, si mahali pa watoto. Barabarani mtapishana na malori ya taka, hayo yanatosha.

Binti yangu aliyahesabu malori hayo. Kisha akauliza kama maganda yetu yamo. Nikamwambia yetu hayamo, ya majirani yamo. Akataka kujua kwa nini.

Swali hilo nimelipeleka kwa watu wazima. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, imejenga kiwanda cha mboji Mabwepande kinachotumia taka za masoko. Upande wetu wa Kariakoo, penye soko kubwa kuliko yote, maganda ya nyumba na ya wauza mboga bado yanapakiwa pamoja na chupa na vioo. Kwenye kikao kijacho cha serikali ya mtaa nitaomba jambo moja: mzabuni wa taka awe na siku mbili kwa wiki za kuchukua maganda peke yake. Ghorofa yetu tumekubaliana kuanza kutenga sasa, ndoo ya kijani chini ya ngazi. Majirani wanaotaka kuona ndoo za mboji waje paani Jumamosi asubuhi, binti atawaelekeza namna ya kukamua konzi.