Bahasha ya Fundi Kwenye Mnada wa Mavuno

Jumapili ya mavuno katika makanisa mengi ya Jinja na Mbale, Uganda, ibada ikiisha watu hawatawanyiki. Mzee wa kanisa anasimama mbele akiwa amemshika jogoo miguu, na mnada unaanza. Jogoo, mkungu wa matoke, trei ya mayai, mzigo wa miwa, kikapu cha viazi: vyote vililetwa asubuhi kama sadaka badala ya noti, sasa vinageuzwa pesa. Bei inapanda kwa elfu mbili mbili, watu wanataniana, shemeji anashindana na shemeji huku wengine wakishangilia. Aliyeshinda mara nyingi hampeleki jogoo nyumbani. Anamkabidhi mchungaji, au anamrudisha anadiwe tena, na jogoo yule yule anaingiza pesa mara mbili.

Katika rundo lile ni nadra kuona kazi ya mikono. Msusi, fundi cherehani, makanika, mpiga picha, mwenye mahema na viti vya kukodisha, wote wamo kanisani, na wote wametia noti kwenye kapu ambako hakuna anayejua nani katia nini. Sisemi sadaka itangazwe. Lakini mwenye biashara ndogo anachangishwa mwaka mzima: kanisa au msikiti, shule ya watoto, klabu ya Rotary, kamati za harusi. Sehemu ya mchango huo anaweza kuitoa kwa namna inayomletea wateja, na mhitaji asipungukiwe hata senti. Namna yenyewe ni kuweka huduma yake mnadani.

Tuseme una saluni mjini Mbale na umetoa kazi moja ya kusuka nywele. Wanawake wanne wanaipandishia bei, mmoja anashinda. Wengi huishia kumhesabu huyo mmoja, ambaye wewe hakulipi kitu. Watazame wale watatu walioshindwa. Wamesimama mbele ya watu wote wakaonyesha kwamba wanataka kusukwa na wewe. Hakuna tangazo la redio litakalokupa habari kama hiyo. Kwa hiyo siku ya mnada uwepo mwenyewe, au mtume mtu anayewajua watu wa pale, aandike nani alipandisha dau na aliishia wapi. Mnada ukiisha, nenda ukamsalimie: "Dada, nimeona ulivyong'ang'ania. Pita Jumatano, nitakupa nafasi, na bei tutaelewana." Ukingoja wiki mbili, utamkuta kashasukwa kwa jirani yako. Ila usidanganyike na kiasi alichotaja. Mtu aliyefika laki moja mbele ya askofu alikuwa akimtolea Mungu. Dukani atakulipa bei ya dukani.

Sasa, utoe nini? Mimi nasema toa muda wako wa siku tulivu, usitoe mali ambayo itabidi ukainunue. Mwenye mashua pale Chanzo cha Nile, Jinja, huwa na viti vitupu katikati ya juma. Abiria wawili wa mnada hawamwongezei mafuta ya kutisha, lakini sikukuu za Desemba viti hivyo hivyo vina wanunuzi wake. Fundi cherehani atoe ushonaji wa vazi moja la gomesi, kitambaa aje nacho mteja. Makanika atoe kazi, vipuri anunue mwenye gari, na aliandike jambo hilo wazi, maana kuna mtu atakayemvutia gereji gari lenye injini iliyokufa akidai kwamba kanisani alinunua "matengenezo".

Mwenye mahema na spika mjini Mbale ana hesabu yake ya peke yake. Imbalu, tohara ya Wamasaba, hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili. Huzinduliwa mwezi wa Agosti pale Mutoto, na shughuli huendelea hadi Desemba. Katika mwaka kama 2026, kutoa hema la bure litumike miezi hiyo ni kujifungia soko lako mwenyewe. Sema liwe la Februari au Machi, wakati mahema yamekunjwa stoo. Vivyo hivyo fundi wa sare za shule asiahidi kitu cha Januari.

Mnada unafaa zaidi kwa huduma ambayo watu hawajaizoea. Anayesafisha makochi kwa mashine atapata tabu kueleza kwa maneno. Kochi moja likisafishwa sebuleni kwa mzee wa kanisa, kila mgeni atauliza nani alilisafisha.

Kazi yako utaitoa kwa hati, na hapa ndipo penye ugomvi mwingi usipokuwa mwangalifu. Hati ya msusi iandikwe hivi:

"Mwenye hati hii atasukwa nywele mara moja, rasta za kawaida. Nywele za kuongeza anakuja nazo. Thamani Sh 60,000. Itumike Jumatatu hadi Alhamisi, kabla ya tarehe 30 Septemba 2026. Piga simu siku mbili kabla. Inaweza kupewa mtu mwingine. Haibadilishwi kwa pesa."

Tia namba, mhuri na sahihi, ubaki na nakala. Ile sentensi ya kumpa mtu mwingine si pambo. Kwa desturi ya kumtunuku kiongozi kilichonunuliwa, mshindi anaweza kumkabidhi askofu hati ya kusuka rasta, kanisa zima likacheka, na mama askofu ndiye atakayekuja saluni. Mpokee vizuri. Atakuwa tangazo lako la mwaka.

Kumbuka pia kwamba jogoo anawika na karatasi haiwiki. Bahasha nyeupe yenye hati ikiinuliwa, walio nyuma hawajui kinachouzwa. Fundi cherehani alete gomesi iliyokwisha kushonwa, mpiga picha alete picha kubwa iliyotiwa fremu, kinyozi asimame na kijana aliyemnyoa jana. Mwambie mnadi maneno mawili atakayoyasema juu ya kazi yako, mahali ulipo, na bei ya kuanzia. Bei ya kuanzia usiiache: kazi ya Sh 60,000 ikienda kwa Sh 10,000, watu wote wamesikia kwamba kazi yako ni ya elfu kumi. Omba kitu chako kinadiwe katikati, pesa zikiwa bado mifukoni, kisiachwe mwisho watu wakiwa na njaa na watoto wanalia.

Si kila mchango unafaa. Angalia kwanza kama wanaokaa mle ndani ndio wanaonunua unachouza. Rotary ina klabu Jinja na Mbale, na wanachama wake wengi ni watu wa maofisi, wafanyabiashara na wenye taaluma. Mwaka wao huanza tarehe 1 Julai, ambapo marais wapya hushika usukani, kwa hiyo mwenye keki, mapambo au kamera azungumze nao mapema, Mei hivi. Mama anayesuka kwa bei nafuu mtaani Namatala atapata zaidi kwenye mnada wa shule ya msingi ya jirani.

Pesa zinakwenda wapi? Uliza bila haya. Namba ya kutumia pesa kwa simu iwe ya taasisi, isiwe ya mtu mmoja wa kamati. Pawe na mweka hazina, risiti, na barua yenye jina la kanisa, shule au shirika. Mgeni rasmi akiwa mwanasiasa, fikiri mara mbili, kwa sababu picha yako naye itazunguka WhatsApp, na wateja wa upande wa pili watakuwekea alama. Kipindi cha kampeni ndiyo usiguse kabisa: sheria ya uchaguzi Uganda inamkataza mgombea kuendesha michango au kutoa misaada wakati huo.

Na wakati wa maafa weka hati kando. Mafuriko ya Mbale ya usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuua watu, yalihitaji chakula, blanketi na pesa taslimu. Anayetundika jina la duka lake juu ya msiba wa watu atakumbukwa, lakini si kwa alivyotaka.

Wapo watakaokushauri mfanye bahati nasibu badala ya mnada, kwa kuwa tiketi za elfu mbili zinauzika haraka. Bahati nasibu Uganda inaongozwa na Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kamari ya 2016, yenye bodi yake ya leseni, na kwa Waislamu wa Mbale kamari ni haramu. Mnada wa wazi hauna tatizo hilo.

Upande wa kodi, usitarajie nafuu. Mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 10 na milioni 150 kwa mwaka kwa kawaida hulipa URA, mamlaka ya mapato, kodi ya makadirio, inayokatwa kwenye mauzo, na huko matumizi hayaondolewi, seuze michango. Anayeweka vitabu na kulipa kodi ya faida anaweza kuondoa mchango aliotoa kwa taasisi iliyosamehewa kodi, usiozidi asilimia 5 ya pato linalotozwa. Lakini saa zako za kazi hazimo vitabuni kama gharama, kwa hiyo muone mhasibu kabla ya kudai chochote. Zaidi ya kodi, mawakili wanaotaka kutoa huduma yao mnadani waangalie kanuni za taaluma yao, ambazo zinabana sana kujitangaza.

Yanayofuata ni ya dukani. Waambie wafanyakazi wako kwamba mwenye hati si mtu wa bure. Amelipa, ila hakukulipa wewe. Akikalishwa benchi huku wenye pesa mkononi wakipita mbele yake, ingalikuwa heri usingetoa kitu. Weka daftari: nani alileta hati, alikuja na nani, alirudi lini akalipa. Nafasi ikifika ya kuombwa tena, daftari hilo ndilo litakaloamua utoe hati, utoe pesa, au uombe radhi. Hati nyingi pia husahaulika drooni. Hiyo haikukugharimu kitu, lakini hakuna aliyeiona kazi yako, kwa hiyo wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho mpigie mshindi simu, mwambie aje, na akipenda aje na rafiki.