Jino la Kupandikizwa Halitoboki, Ila Ufizi Wake Huugua

Iwapo umeng'olewa jino na unafikiria kupandikizwa jingine, fahamu kwamba kazi haiishi siku ya upasuaji.

Kwanza daktari wa meno hupiga picha ya eksirei ili kupima mfupa wa taya. Kisha hukutia ganzi, hutoboa mfupa na kukaza humo skrubu ndogo ya titani, metali ambayo mfupa hushikamana nayo. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimpandikizia mgonjwa wa kwanza mwaka wa 1965. Kwa kawaida mfupa huchukua miezi 3 hadi 6 kuishika skrubu, ndipo jino bandia lifungwe juu yake.

Jino hilo halitoboki. Hata hivyo, ukoga ukiganda kando yake, ufizi huvimba na mfupa huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu. Ukingoja uchungu, utakuwa umechelewa.

Kwa wakazi wa Meru na Embu kuna jambo jingine. Mtafunaji wa miraa au muguka huweka tonge upande mmoja wa shavu kwa saa nyingi, na wengi huvuta sigara papo hapo. Ufizi wa upande huo huweza kuchubuka na kushuka, nayo sigara huchelewesha kidonda kupona. Mweleze daktari ukweli kabla ya upasuaji.

Baadaye, piga mswaki mara mbili kwa siku, pitisha uzi wa meno kandokando ya jino hilo, na urudi kila baada ya miezi 6 likaguliwe na kusafishwa. Ukiona damu, au jino likitikisika, usingoje tarehe uliyopangiwa.