Punda mgeni asibebe maji kabla hajazoea zizi

Pamba ikishauzwa na vijito vikishakauka, kaya nyingi za Bunda, Butiama na Musoma Vijijini huanza kutafuta punda. Maji yako mbali, mtama na mahindi bado yanangoja kutolewa shambani, na migongo ya kina mama imechoka. Basi punda anafika nyumbani jioni, na alfajiri ya pili yake amekwisha kufungwa madumu manne. Hapo ndipo tunapowapoteza wengi.

Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80. Punda wetu wengi hawazidi kilo 150, na mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa mnyama. Madumu mawili yanamtosha. Hata punda aliyeizoea njia huumia kwa manne, sembuse mgeni aliyeswagwa mwendo mrefu kutoka mnadani na hajui hata sauti ya anayemwongoza. Ndugu mkulima, mpe mgeni huyu wiki mbili za kula, kunywa na kuzoea. Siku za mwisho mtembeze bila mzigo njia ya kisimani, aijue.

Linalosahaulika kuliko yote ni kwamba punda huwa na mwenzake. Wawili waliokua pamoja hawaachani malishoni, na ukimtoa mmoja, anaweza kugoma kula. Usimchukulie kama ng'ombe aliyekosa hamu. Punda asipokula, mwili huyeyusha mafuta yake wenyewe, mafuta hayo hujaa kwenye damu, ini na figo huharibika, na siku chache tu zinatosha kumuua. Walio hatarini zaidi ni wanene, na majike wenye mimba au wanaonyonyesha, yaani hao hao tunaowachagua mnadani kwa kuwa wamenona. Kwa hiyo fedha ikitosha, nunua wawili wanaojuana. Ikitosha mmoja tu, mweke pale anapoweza kuwaona punda wa jirani, au hata mbuzi, kuliko kumfunga peke yake nyuma ya nyumba.

Jifunze kumtazama, maana punda huvumilia maumivu bila kelele. Kaa naye asubuhi anapopewa majani. Mzima hung'oa, hutafuna na kumeza, masikio yakigeuka kila sauti inapopita. Mgonjwa husimama kichwa chini, masikio yamelegea pembeni, midomo ikichezea majani bila kuyala. Ukiona tu nyasi zimesogezwasogezwa unaweza kudhani amekula. Angalia kinyesi pia: kikipungua, kikiwa kikavu au chenye utelezi, tayari pana tatizo.

Chakula cha zamani kibadilishwe polepole. Muulize muuzaji alikuwa akila nini, kisha omba japo gunia moja la majani hayo. Majani makavu, mabua ya mtama na nyasi za kawaida ndiyo chakula chake. Pumba nyingi kwa ghafla humletea msokoto wa tumbo na maumivu makali ya kwato. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe kabisa, hata kama kuku wameyala wakapona, kwani sumu ya ukungu huo hushambulia ubongo wa punda. Chakula cha kuku nacho kaa nacho mbali: baadhi huchanganywa dawa ya kuzuia koksidia ambayo kwa punda ni sumu. Maji yawe safi. Punda anaweza kukataa ndoo inayonuka sabuni au samaki huku kiu inamuua.

Kosa jingine ni kumtibu kama ng'ombe. Dawa ya kuogeshea yenye amitrazi huwafaa ng'ombe, lakini humfungia punda tumbo, kwa hiyo soma kibandiko au muulize afisa mifugo kabla hujampulizia. Hali ni hiyo hiyo kwa sindano za nagana. Vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi vina mbung'o, na punda huugua nagana kweli, ila dozi iliyokisiwa kwa kumtazama ng'ombe inaweza kumdhuru kuliko ugonjwa. Vidonda vya kamba na matandiko visafishwe mapema, maana pepopunda humwingia kwa urahisi.

Kama tayari una punda wengine, mgeni akae zizi la pembeni kwa wiki hizo mbili. Waonane, wanusane kwa mbali, ugonjwa alioubeba ujulikane kabla hawajachangamana. Ng'ombe wenye pembe wasilale naye. Usiku zizi lifungwe kweli kweli, kwani fisi humwona punda aliyefungwa kamba mguuni kuwa windo rahisi. Mchana muachie sehemu yenye vumbi agaagae, anahitaji hivyo kwa ngozi yake.

Nasisitiza haya kwa sababu punda aliyekufa harudi upesi. Jike hubeba mimba karibu miezi 12 na huzaa mtoto mmoja. Biashara ya ngozi imewamaliza wengi Afrika, hadi Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana mjini Addis Ababa kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Wezi bado wapo. Nunua mbele ya mashahidi, chukua hati ya mauzo na kibali cha kumsafirisha, na usimpokee punda wa bei ya kutupa anayeletwa usiku.

Tumezoea kusema shukrani ya punda ni mateke. Anayerusha mateke wiki ya kwanza mara nyingi anaogopa, au ana kidonda chini ya matandiko. Mkague kabla hujashika fimbo.

Na akipitisha siku nzima bila kula, mwite afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.