Elimu ya Hesabu na Amana ya Hazina: Maisha ya Profesa George Saitoti

Leo twataka kumsoma mtu mmoja wa bara, nae ni Profesa George Saitoti, aliyekuwa bingwa wa hesabu na uchumi, Waziri wa Fedha kwa muda wa kama miaka kumi, na Makamu wa Rais wa Kenya mara mbili. Huenda msomaji akatuuliza: sisi watu wa pwani tuna khabari gani na mtu wa Kajiado? Jawabu ni kwamba hazina ya nchi ni moja. Kalamu itiayo sahihi Nairobi ndiyo ipandishayo bei ya unga Mombasa, Malindi na Lamu; na mwenye kula unga ana haki ya kuuliza khabari ya kalamu.

Wala Kajiado si mbali nasi kama tudhaniavyo. Asafiriye kwa gari kutoka Mombasa kwenda Nairobi, afikapo Athi River, huikuta njia ikigawanyika. Moja yashika kusini kupitia Kitengela, Isinya na mji wa Kajiado mpaka Namanga, mpakani mwa Tanzania. Na magadi yatokayo katika ziwa la Magadi hupita Kajiado kwa reli kuja bandarini kwetu. Nchi hiyo asili yake ni malisho ya Wamaasai. Kitengela, iliyokuwa mbuga ya wanyama na ng'ombe, hivi leo ni mji wa majumba na viwanja vilivyokatwa vipande vipande.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1945, akasoma chuo cha chini huko Ololua, karibu na Ngong, kisha akaingia skuli ya Mang'u. Mwaka 1963 akapata msaada wa kwenda Marekani, akasoma hesabu na uchumi katika Chuo Kikuu cha Brandeis. Kutoka huko akavuka kwenda Uingereza, akasoma Sussex, kisha Warwick, ambako mwaka 1972 alipewa shahada ya udaktari katika tawi la hesabu liitwalo topolojia, yaani elimu ya maumbo na namna yanavyobaki na sifa zake hata yakivutwa na kukunjwa. Ni elimu ngumu, na katika Afrika ya zama zile waliokuwa nayo walikuwa wachache mno. Aliporudi akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akapanda mpaka akawa mkuu wa idara ya hesabu. Mwaka 1976 wanahesabu wa Afrika walipokutana Rabat na kuunda chama chao, yeye alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wa rais wa chama hicho.

Twayataja haya kwa kirefu kwa sababu watu wetu wana tabia ya kudhani kuwa viongozi wote wameokotwa njiani. Huyu hakuokotwa. Ikiwa ilipata kuwako siku ambayo hazina ya nchi hii ilitiwa katika mikono ya mtu ajuae kuhesabu, basi ni siku ile ya mwaka 1983 alipoteuliwa na Rais Moi kuwa mbunge, kisha akapewa Wizara ya Fedha. Mwaka 1988 alichaguliwa mbunge wa Kajiado Kaskazini, kiti alichokikalia mpaka kufa kwake. Mei 1989 akawa Makamu wa Rais, na fedha bado zi mkononi mwake. Katika zama zake ndipo ilipoanzishwa kodi ya ongezeko la thamani, mwaka 1990. Na mwaka huo huo aliongoza kamati ya KANU iliyozunguka nchi nzima kusikiliza maoni ya raia, khasa juu ya uchaguzi wa kupanga mistari, ambao wananchi waliuchukia.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe, nalo ni Goldenberg. Wengi hulitaja jina hili na wachache huelewa lilivyokuwa. Tutalieleza kwa mfano.

Ilikuwako sheria ya kumtia moyo mfanyabiashara auzae nje bidhaa zilizotengenezwa nchini. Akipeleka ng'ambo bidhaa ya shilingi 1,000, serikali humrudishia asilimia 20, yaani shilingi 200, ili aweze kushindana na wenziwe wa nchi nyingine, na ili nchi ipate fedha za kigeni. Sheria hiyo haina ubaya. Nchi nyingi zimefanya mfano wake. Lakini mwaka 1990 kampuni iitwayo Goldenberg International, ya Kamlesh Pattni, ilipewa ruhusa ya peke yake kuuza nje dhahabu na almasi, na juu ya asilimia 20 ikakubaliwa nyongeza ya 15. Jumla ni 35. Yaani kwa kila shilingi 1,000 ya mali iliyoandikwa kuwa imetoka, hazina hutoa 350.

Hapa na azingatie msomaji neno hili "iliyoandikwa". Kenya haina migodi ya almasi, na dhahabu yake ya huko magharibi ni kidogo. Basi ikiwa mtu aleta karatasi isemayo kuwa mali imekwenda ng'ambo, na hakuna mali iliyokwenda, hazina itakuwa imenunua karatasi kwa fedha za raia. Na fedha hizo zikizidi sokoni, na nyuma yake hapana bidhaa, kila shilingi aliyonayo mchukuzi wa Kilindini hupungua nguvu bila yeye kuibiwa mfukoni. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1990 dola moja ilikuwa kama shilingi 23. Mwaka 1993 ilipindukia 60. Kupanda kwa bei katika mwaka huo wa 1993 kulikaribia asilimia 46. Goldenberg haikuwa sababu ya pekee, kwani wafadhili walikuwa wamezuia misaada tangu Novemba 1991 na uchaguzi wa 1992 ulitumia fedha nyingi. Lakini hapana mjuzi aiondoaye katika sababu.

Profesa Saitoti ndiye aliyekuwa waziri nyongeza hiyo ilipoidhinishwa. Utetezi wake, aliousimamia mpaka mwisho, ulikuwa kwamba lengo ni kuvuta fedha za kigeni, na kwamba malipo yale yalifikishwa Bungeni na Bunge likayapitisha. Sisi hatusemi kuwa alikula. Mahakama imesema neno lake nasi tutalifikia. Tuliulizalo ni jingine. Mtu aliyeshughulika na hesabu ambazo hata maprofesa wenziwe hawakuziweza, je, hesabu hii ya 350 kwa 1,000, katika nchi isiyo na almasi, ilimpita vipi?

Kwani yuko aliyeiona. Katika Benki Kuu alikuwako karani kijana, jina lake David Munyakei, Mmaasai nae. Kazi yake ilikuwa kupitisha karatasi za mikopo wapewayo wauzaji kabla ya kupeleka mali nje. Hakuwa na shahada ya Warwick. Aliona kampuni moja ikirejea mara kwa mara kuchukua mamilioni, akaona kuwa karatasi hazisemezani, akazitoa nakala zake kwa wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 jambo likafichuka Bungeni. Malipo yake yalikuwa kutiwa nguvuni na kufukuzwa kazi. Baadae alikimbilia kwetu Mombasa, na hapa hapa akasilimu, akaoa. Basi wako katika wasomaji wetu waliopishana nae vichochoroni wala hawakumjua. Twaona ni aibu kuwa watoto wetu walijua jina la Pattni na hawakujua la Munyakei.

Lakini insafu yatutaka tuandike na upande wa pili wa daftari. Baada ya uchaguzi wa 1997 Profesa aliachwa bila cheo cha makamu, akavumilia, na Aprili 1999 akarudishiwa. Machi 2002, katika mkutano wa Kasarani, KANU ilipoungana na chama cha NDP, alisukumwa kando mbele ya macho ya watu. Hakutukana; alisema tu kuwa maslahi ya taifa ni makubwa kuliko ya mtu mmoja. Mwaka huo huo akahamia upande wa upinzani, na Januari 2003, chini ya Rais Kibaki, akawa Waziri wa Elimu. Hapo ndipo karo ilipoondolewa katika skuli za msingi. Wanafunzi waliokuwa kama milioni 5.9 wakafika kama milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Madarasa yalifurika, walimu walilemewa, na waliolalamika walikuwa na haki. Hata hivyo mtoto wa mvuvi na mtoto wa mchungaji waliingia mlango mmoja. Na Eldoret aliingia mzee wa miaka 84, Kimani Maruge, akakaa dawatini na wajukuu. Kwetu sisi hii ndiyo kazi kubwa ya maisha yake, na haikutaka topolojia.

Februari 2006 ripoti ya tume ya Jaji Bosire, iliyochunguza Goldenberg, ilipendekeza ashitakiwe. Alijiuzulu uwaziri kupisha. Akaenda mahakamani, na tarehe 31 Julai 2006 Mahakama Kuu ikayafuta yote yaliyomgusa katika ripoti, ikazuia asishitakiwe. Na Novemba akarudi katika wizara yake. Katika mwezi ule ule wa Julai, siku chache kabla ya hukumu hiyo, Munyakei alifariki, maskini asiye na kazi. Hatukuipanga sisi tarehe hiyo.

Wako wengi waliopenda kumpinga Profesa kwa kumuuliza nasaba yake, kwamba je, ni Mmaasai kweli au la. Katika nchi kama Kajiado, ambako ardhi yauzwa na wenyeji wasogezwa, swali hilo halikosi wasikilizaji. Sisi hatuingii humo. Watu wa pwani twajua vyema mahali swali la "wewe wa wapi" lifikishapo watu.

Tangu 2008 alikuwa Waziri wa Usalama wa Ndani. Oktoba 2010 yalipigwa marufuku makundi 33, na katika hayo Mombasa Republican Council. Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia. Mambo haya mawili twayajua sote, na kila mtu ana neno lake juu yake. Mahakama Kuu ya Mombasa iliondoa marufuku ya kundi hilo Julai 2012, lakini waziri hakuwahi kuisikia hukumu. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 10 Juni 2012, helikopta ya polisi iliyomchukua yeye na naibu wake, Joshua Orwa Ojode, kuelekea Ndhiwa ilianguka katika msitu wa Kibiku, Ngong, si mbali na alikosomea utotoni. Wote sita waliokuwamo walikufa. Alikuwa amekwisha kutangaza kuwa atagombea urais katika uchaguzi uliokuwa ukija. Siku sita baadae alizikwa shambani kwake Kitengela.