Ukipumzika Wewe, Nani Mwingine Anapumzika?



Leo tunasoma Kutoka 18, kuanzia aya ya 13. Ila nianze na dada yangu, maana ndiye aliyenifanya niirudie.

Dada ni wakili. Miaka sita alikuwa kwenye kampuni kubwa ya mawakili Dar es Salaam, zile ambazo kila saa yako inaandikwa ili mteja alipishwe. Kurudi nyumbani ni saa tano usiku, mtoto ameshalala. Mwaka jana akaacha, akahamia ofisi ndogo ya mawakili hapa Chake Chake, Pemba, tulikokulia. Si jambo la kufunga mabegi tu: Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, na uwakili wa Bara peke yake haukupi nafasi ya kusimamia kesi huku mpaka ukubaliwe na huku. Akasubiri. Mshahara nao ukashuka chini ya nusu. Sasa anashughulikia migogoro ya mashamba ya mikarafuu na zile eka tatu tatu walizogawiwa watu baada ya Mapinduzi ya 1964, na jioni anatoka ofisini jua bado lipo.

Mimi na digrii yangu ya falsafa, likizo hii nikampongeza kwa hotuba. Nikamwambia hata Aristotle alifundisha kwamba tunahangaika na kazi ili tupate utulivu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Frateri, viatu na vitabu vyako vya seminari vilikuwa vinatoka wapi?"

Vilikuwa vinatoka kwenye zile saa tano za usiku. Nikanyamaza.

Sasa tuje kwa Musa. Ameketi kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, peke yake. Mkwewe Yethro anamwona, anamwambia jambo hili si jema. Mara nyingi tunasoma hapo kana kwamba Yethro anamhurumia Musa tu. Angalia tena aya ya 18: atakayechoka ni Musa pamoja na watu walio naye. Wale wamesimama foleni siku nzima juani wakisubiri mtu mmoja! Uchovu wa mkubwa haubaki kwa mkubwa.

Ukitoka hapo nenda Kumbukumbu la Torati 5:14-15. Amri ya Sabato katika Kutoka 20 inatukumbusha uumbaji, lakini hapa inakumbusha utumwa wa Misri, na inasema wazi mtumishi wako wa kiume na wa kike apumzike kama wewe. Kama wewe!

Nilipomsomea dada aya hiyo, akanisimulia habari za binti aliyekuwa akimsaidia kazi za nyumbani Dar. Kila usiku binti yule alilala sebuleni kwenye mkeka, nusu macho, akisubiri honi ili afungue geti. Saa kumi na moja alfajiri ameshaamka kumwandaa mtoto. "Mimi nilikuwa nalalamika ofisi inanimaliza," dada akasema, "na yeye nani alikuwa anammaliza?" Anayemsaidia sasa ni binti wa hapa hapa, Mwislamu. Saa tisa anarudi kwao, na Ijumaa haji kabisa. Ijumaa anapika dada. Wali unaungua, tunakula hivyo hivyo.

Mawakili wana msimamizi wao, Mtakatifu Ivo wa Kermartin, tunayemkumbuka tarehe 19 Mei. Baada ya kusoma sheria Paris na Orléans, alikuwa hakimu wa mahakama ya Kanisa mjini Rennes, kisha akarudi kwao Tréguier kwa kazi hiyo hiyo. Na huko kwao hakujifungia ndani: alitetea maskini bila malipo, na nyumba yake aliwafungulia wasio na pa kulala.

Sisemi kila aliyechoka Dar apande boti ya Mkoani. Yethro hakumwambia Musa ahame. Alimwambia agawe kazi.

Na kugawa kuna gharama yake. Mama hajafurahi. Mdogo wetu anaingia mwaka wa pili chuoni, na ada yote ilikuwa juu ya dada. Juzi tulifanya kikao cha familia kwa simu, sauti zikapanda kidogo. Dada atatoa theluthi, kaka mkubwa theluthi, na iliyobaki tukamwomba mjomba tusaidiane naye. Mimi sina mshahara, lakini nimeanza kufundisha tuisheni ya hisabati jioni kwa watoto wanne wa kidato cha pili, na hela yao naiweka kwenye fungu hilo. Mjomba ameusoma ujumbe. Bado hajajibu.