SOMO: Mkimbiaji Aliyeumia na Tiba ya Viungo



Wilaya ya Mbulu, ilipo Maretadu yetu, ndiyo iliyomtoa John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, mahali palipo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Njiani alianguka na kuumia goti vibaya. Alifungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, akamaliza kwa saa 3:25:27, wa mwisho kati ya 57 waliofika. Walioanza walikuwa 75.

Habari hii tunaisimulia kwa vijana kama fundisho la uvumilivu, na inastahili. Lakini mara nyingi tunasahau sehemu ya pili. Mwezi Julai 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2:15:05. Kuchechemea kwake kulikuwa kwa siku moja. Kijana anayejifua kila asubuhi kwa mguu unaouma, mwezi baada ya mwezi, hufanya jambo jingine kabisa: anajifunga njia ya kesho.

Tiba ya viungo ni nini?

Wengine huiita fiziotherapia. Mtaalamu wake huchunguza jinsi mtu anavyosimama, anavyokunja kiungo na wapi misuli imelegea, kisha humpa mazoezi ya kupima, yanayoongezwa polepole. Majeraha mengi ya wakimbiaji wa mbio ndefu hayatokani na kuanguka. Hutokana na kuongeza umbali au kasi ghafla, kabla mifupa na kano hazijazoea.

Siku za kwanza

Kifundo cha mguu kikiteguka, wengi hukimbilia kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa nguvu. Katika siku 2 au 3 za mwanzo jambo hili huzidisha uvimbe. Fungeni bandeji isiyobana mno, mwinueni mguu, mpeni mapumziko. Baada ya hapo aanze kuutumia kidogo kidogo. Asiyeweza kukanyaga hata hatua 4 apelekwe hospitali apigwe picha ya mionzi.

Kano ya kisigino na ngazi ya mlango

Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson wa Sweden na wenzake walitangaza matokeo yao juu ya wakimbiaji 15 wenye maumivu sugu ya kano ya nyuma ya kisigino. Walisimama kwenye ukingo wa ngazi kwa nyayo za mbele, wakajiinua kwa mguu mzima, kisha wakashusha kisigino cha mguu unaouma taratibu hadi chini ya ngazi. Walifanya mara 15, kwa awamu 3, goti likiwa limenyooka, na tena goti likiwa limekunjwa kidogo. Mara 2 kwa siku, kila siku, kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Wengine 15 waliolinganishwa nao, walioendelea na tiba za kawaida, waliishia kwenye upasuaji.

Kundi lile lilikuwa dogo, na si kila mgonjwa aliyefuata baadaye amepona vizuri namna hiyo. Hata hivyo njia hii imeenea duniani, kwa sababu kano huimarika kwa kubebeshwa mzigo kwa kipimo, na hudhoofu ikilazwa tu. Haihitaji mashine. Ngazi ya mlango wa kanisa inatosha. Kinachohitajika ni mtu wa kumwonyesha kijana namna ya kufanya, na wa kumuuliza wiki ya tano kama bado anaendelea.

Maumivu ya kuvumilia na yasiyovumiliwa

Katika mazoezi ya kano, mwambieni kijana ayape maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Yakibaki 5 au chini, na asubuhi yakawa yametulia, aendelee. Yakizidi hapo, apunguze.

Maumivu ya mfupa ni mengine. Yakiwa mahali pamoja panapoonyeshwa kwa ncha ya kidole, hasa kwenye ugoko au mgongo wa unyayo, na yakiuma hata usiku, huenda mfupa una ufa mdogo. Hapo hakuna kuvumilia. Aache kukimbia na aonwe na daktari. Mara nyingi ufa kama huo hutaka wiki 6 hadi 8 bila kukimbia. Anayelazimisha anaweza kuvunjika kabisa.

Wasichana waangaliwe zaidi. Msichana anayejifua sana huku akila kidogo anaweza kukosa hedhi, na mifupa yake ikadhoofika. Huyo anahitaji chakula cha kutosha na ushauri wa kitabibu pamoja na mazoezi tiba.

Kazi ya kamati na ya wahisani

Kwa upande wetu tunayo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955, na KCMC ya Moshi ambako wataalamu wa tiba ya viungo hufundishwa. Kabla ya mashindano ya vijana, kamati iteue mtu mmojawapo wa kuandika majina ya walioumia na kuwafuatilia. Itengwe nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali mapema. Mhisani anayetaka kununua viatu na fulana anafanya vema. Akimsomesha kijana mmoja fani hii, atahudumia pia mama aliyepatwa na kiharusi, mkulima mwenye mgongo mbovu na mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda.

Maswali ya kujadili

1. Katika kigango chenu, ni vijana wangapi walioacha kukimbia kwa sababu ya jeraha? Nani aliwafuatilia?
2. Tunamsifu nani zaidi: anayekimbia akichechemea, au anayesema mapema kwamba ameumia?
3. Nauli ya hospitali itatoka mfuko gani, na nani ataidhinisha siku kijana atakapoihitaji?