KUPANDA MLIMA ELGON: TUPIGE HESABU KWANZA

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Nimeshika kalamu nieleze jinsi sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tulivyopanga safari ya kupanda Mlima Elgon, pamoja na makosa niliyoyafanya mimi katibu, ili siku mkipanga yenu msiyarudie.

Kwanza mlima wenyewe. Mvua ikiwa imenyesha usiku, amka mapema usimame upande wa Malaba, utauona kaskazini umejilaza kama ng'ombe anayecheua. Zamani ulikuwa volkano, sasa imezimika. Mto Malaba unaotutenga na jirani zetu wa Uganda huanzia huko. Kilele kirefu kuliko vyote ni Wagagai, mita 4,321, nacho kiko Uganda. Sisi tulichagua Koitobos, mita 4,222, kilicho upande wetu, ndani ya hifadhi ya taifa iliyotengwa mwaka 1968.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa hivi: Ijumaa jioni tupande matatu, tupite Bungoma, Webuye, Kitale na Endebess mpaka lango la Chorlim. Jumamosi tufike kileleni, Jumapili tuwe nyumbani. Mwalimu mlezi aliusoma, akavua miwani, akaniuliza, "Na hewa je, umeihesabu?" Nikanyamaza. Kumbe nilikuwa nimehesabu nauli tu! Basi akanirudisha mezani, nikapiga hesabu nne.

1. Hesabu ya hewa
Busia iko kwenye mita 1,200 hivi. Kule Koitobos, kila pumzi ina oksijeni kiasi cha sehemu 6 kwa 10 za ile anayoivuta mtu wa Mombasa. Mwili huzoea, lakini hauzoei kwa siku moja. Ukiuharakisha, kichwa kitauma, utasikia kichefuchefu na usingizi utapotea. Hali ikizidi, mtu huyumba kama mlevi au huhema hata akiwa ameketi. Huyo asiambiwe "jikaze"! Dawa yake ni kumshusha mara moja, hata kama ni usiku. Kanuni ya wapandaji ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Kwa hivyo usiku wa kwanza tutalala karibu na lango, zaidi kidogo ya mita 2,000, kisha tutapanda kidogo kidogo, tukilala njiani, kabla ya kulala Koroborte, karibu mita 3,500. Wikendi ya siku mbili haitoshi. Tukaichukua likizo fupi ya katikati ya muhula.

2. Hesabu ya baridi
Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa digrii 6 na nusu hivi. Toka Busia hadi Koitobos ni mita 3,000, yaani karibu digrii 20. Kama hapa kwetu ni digrii 28, kule ni 8 saa hiyo hiyo, na upepo bado sijauhesabu. Usiku maji huweza kuganda. Kila mtu abebe sweta mbili, koti la mvua, blanketi nzito na soksi kavu. Si lazima ziwe mpya. Soko la mitumba lipo.

3. Hesabu ya saa
Mwaka 1892 Mskochi mmoja, William Naismith, alitoa kanuni: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Toka Koroborte hadi kileleni ni kama kilomita 7 na mita 700 za kupanda. Hiyo ni saa mbili na nusu. Kwa sababu ya hewa nyepesi tuliongeza, zikawa saa nne. Tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na saa sita mchana tutageuka, tumefika au hatujafika, maana mawingu na mvua hupenda alasiri. Tutaomba askari wa KWS atusindikize, kwani msituni mna nyati na ndovu.

Wengine walitaka tuingie pango la Kitum, ambamo ndovu huchimba chumvi kwa pembe zao. Tulikataa. Mwaka 1980 na tena 1987, mgeni mmoja alizuru pango hilo, akaugua Marburg, akafa. Yule wa 1987 alikuwa mvulana wa miaka 15. Leo wanasayansi wanajua kwamba popo wa matunda hubeba virusi hivyo.

4. Hesabu ya watu
Hii ndiyo iliyonishinda. Tuliandaa fomu ya kuuliza, "Je, una ugonjwa wowote?" Rafiki yangu, ambaye ndiye aliyetoa wazo la safari hii, alijaza "Hapana". Mimi najua ana seli mundu. Oksijeni ikipungua, chembe zake nyekundu za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Maumivu yake nimewahi kuyaona hapa hapa bondeni. Alinisihi nisiseme. Usiku ule sikulala. Nikinyamaza, nitamchukua mlimani mwenyewe. Nikisema, nimevunja siri. Asubuhi nilimwambia, "Twende kwa mwalimu pamoja, useme wewe." Alinikasirikia siku mbili. Siku ya tatu tulienda.

Kliniki anakotibiwa walimkataza. Aliniambia, "Kwa hivyo mlima wangu mtaupanda ninyi." Sikuwa na jibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, hiyo methali tunaijua, lakini mwenye maradhi akikutazama machoni, methali haitoshi.

Mwalimu ndiye aliyetukumbusha kwamba kila msafara unahitaji mtu wa kubaki nyumbani. Huyo huwa na majina yetu yote, simu za wazazi, simu ya lango, na ratiba. Tukikosa kumpigia kufikia saa kumi na mbili jioni siku ya kilele, yeye ndiye atakayewaita askari waje kututafuta. Rafiki yangu aliichukua kazi hiyo. Aliisoma ratiba yangu mara mbili, akatia mstari mwekundu chini ya "saa sita mchana", akasema, "Hapa msinichezee."

Mwenzangu, ukipanga safari ya mlima, anza na hewa, kisha baridi, kisha saa. Lakini kabla ya kufunga mfuko, hesabu watu, mmoja mmoja, pamoja na yule atakayebaki.